Damu ya Benadeta, Jina la Rogasian

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia migomba, na Benadeta Tukahirwa tayari ameshakunja mikono ya sweta. Mbele yake kuna pipa la maji yanayochemka kwa kuni za mikaratusi. Kando ya pipa kuna lundo la mashuka ya wodi ya wazazi, ya wodi ya watoto, na yale ya chumba cha upasuaji, ambayo huyafungua moja moja, polepole, kwa ncha za vidole.

Si uvivu. Mwaka 2017 kisu kidogo cha upasuaji kilisahauliwa ndani ya shuka, naye akalikamua shuka hilo kwa nguvu zake zote. Kidole gumba cha kushoto kilishonwa nyuzi nne. Kovu limebaki, jeupe, limekata katikati ya kidole upande wa ndani. Msomaji alikumbuke kovu hilo, maana tutalirudia.

Benadeta ana miaka 49, na kazi ya udobi ameifanya kwa miaka kumi na mmoja katika hospitali moja wilayani Karagwe. Jina la hospitali tumeliacha kwa ombi lake. Hana mkataba, ni kibarua wa siku, na kibarua wa siku akisema sana, kesho yake haitwi. Kwa siku anafua mashuka tisini, wakati mwingine mia na ishirini, kwa mikono, yeye na mwenzake mmoja ambaye wiki hii anaumwa mgongo.

Lakini si mashuka yanayomnyima raha. Ni kaburi. Mama yake, Auleria, alizikwa Agosti 2021 kwenye kibanja cha familia huko Bweranyange, chini ya migomba, kama wanavyozikwa watu wa huku. Kaka yake Leonadi, aliyerithi kibanja hicho, amempiga marufuku kukikanyaga. Mwisho wa mwezi huu, kahawa ikishauzwa, kaburi litajengewa kwa saruji, padri ataitwa, ukoo utakusanyika. Benadeta hajaalikwa.

"Watoto wa mama tuko wawili tu," anasema, huku akikamua foronya. "Siku hiyo nisipokuwepo, ukoo mzima utasema nimekubali kwamba mimi ndiye niliyemuua."

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu tuhuma kubwa namna hii haianguki kutoka mawinguni.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 korona ilikuwa imeshaingia wilayani, ingawa wengi waliiita shida ya kupumua na wengine hawakuipa jina kabisa. Hospitali ikatenga jengo moja la nyuma kwa wagonjwa hao. Wauguzi waliingia humo na barakoa, glavu na magauni. Mashuka yalitoka kwa njia yake. Yalifungwa kwenye mfuko mweusi, yakarushwa dirishani, yakaangukia nyasini, na Benadeta akaenda kuyaokota.

"Glavu nilipewa jozi moja, mwezi wa nne," anakumbuka. "Zilipopasuka nikawa navaa mifuko ya plastiki. Madaktari wakipita, kwa mbali kabisa, wananiambia mama jilinde. Najilinda na nini, jamani waitu?"

Mwanzoni mwa Juni wakaja watafiti kutoka mjini, na masanduku ya barafu. Walitaka kupima damu ya watumishi wa hospitali ili kuona wangapi wana kingamwili, yaani zile alama ambazo mwili huziacha kwenye damu ukishapambana na kirusi. Anayekutwa nazo, kama hajachanjwa, ujue kirusi kilishampitia, hata kama hakukohoa siku moja. Walihitaji watu themanini kutoka kwenye rejista ya watumishi.

Walipatikana sabini na tisa. Wa themanini alikuwa Rogasian, mtunza stoo ya dawa. Asubuhi hiyo, alipoona sindano, alikumbuka ghafla kwamba ana mzigo wa kufuatilia Murongo, mpakani na Uganda, akapanda bodaboda na hakuonekana tena hadi watafiti walipoondoka.

Sasa, katika hospitali hiyo kuna desturi, na tusiwaonee, iko katika ofisi nyingi. Pengo la kwenye rejista huzibwa na aliye karibu. Asiyefika kwenye semina husainiwa na mwenzake, aliyechelewa zamu huandikwa kuwa aliwahi. Hakuna anayeona kwamba ni uongo. Wenyewe wanaita kusaidiana.

Matroni wa wakati huo, Evangelina, akatoka barazani, akaangaza macho, akamwona Benadeta ana povu hadi kwenye viwiko. Akamwita. Akamwambia atoe damu kidogo tu, wageni wasije wakaondoka na pungufu.

"Nikamuuliza, niandike jina langu? Akasema hapana, weka dole gumba tu inatosha," anasimulia Benadeta. Alimaliza darasa la saba, na mwandiko wake unasomeka kuliko wa madaktari wengi. Lakini aliambiwa dole gumba, akatii. Mkono wa kulia ulikuwa umeshafungwa mpira wa kutolea damu, kwa hiyo akafuta povu la mkono wa kushoto kwenye kanga, akachovya kidole kwenye wino wa zambarau, akakibandika kwenye fomu ya ridhaa. Juu ya fomu hiyo palikuwa pameandikwa Rogasian, mwanaume, miaka 38, stoo ya dawa.

Mwezi uliofuata matokeo ya jumla yalibandikwa ubaoni. Kati ya watumishi themanini, thelathini na wanne walikuwa na kingamwili. Taarifa ilieleza kwa mshangao kwamba maambukizi yamefika hata stoo ya dawa, ambako mtumishi hukaa peke yake nyuma ya dirisha. Kuhusu udobi haikusema lolote, kwa kuwa kwenye karatasi hakuna dobi aliyepimwa. Haikupita wiki mbili, dirisha la stoo likawekewa kizuizi kizuri cha plastiki ngumu. Siku fundi alipokuja kukifunga, Benadeta alikuwa upande wa pili wa ukuta anafua mashuka ya jengo la nyuma kwa mikono mitupu.

Mtu akitaka kucheka na acheke. Mimi nilipoelezwa habari hii nilicheka, kisha nikamwona Benadeta ananitazama, nikaona aibu.

Barua za majibu zilipelekwa kwa kila mhusika kwa jina lake. Benadeta hakupata kitu, na hakuuliza. Mambo ya damu yalikuwa ya wasomi, hata ule ubao hakuusoma.

Tarehe tatu Julai alipewa mapumziko ya siku mbili, akaenda Bweranyange na mche wa sabuni na kilo mbili za sukari. Alimwogesha mama yake, akamkata kucha, wakala ndizi na maharage kwenye sahani moja. Tarehe kumi na tano mama akaanza kukohoa. Hali ilipozidi, Leonadi alimpakia kwenye bodaboda, akakaa nyuma yake akimshikilia kiunoni, njia nzima ya vumbi, hadi hospitali ile ile anakofanya kazi dada yake. Mama alipokewa mlangoni. Leonadi alibaki nje ya uzio, na hakumwona tena.

Auleria alifariki tarehe sita Agosti. Alirudishwa na gari, amefungwa kwenye mfuko, na wanaume wanne waliovaa nguo nyeupe hadi usoni. Hakuogeshwa na ndugu, hakufunuliwa uso, hakukaliwa matanga. Mazishi yote yalichukua dakika ishirini.

"Nilimpeleka mama akiwa hai mikononi mwangu, nikaletewa mfuko," Leonadi aliniambia nilipomfuata. Nilikwenda kwake nikiwa nimejiandaa kumchukia. Sikuweza.

Oktoba watafiti wakarudi kwa awamu ya pili. Safari hii mtu mwenye akili alikuwa ameuliza kwa nini vibarua hawamo, wakaingizwa wote. Benadeta akatoa damu kwa jina lake mwenyewe, na Novemba akapata barua yake mwenyewe, ya kwanza maishani yenye muhuri. Ilisema amekutwa na kingamwili. Chanjo alikuwa bado hajachanja. Wauguzi wakampongeza kwamba mwili wake una nguvu, umeshinda vita bila hata yeye kujua.

Hapo ndipo alipokosea, na mpaka leo anajilaumu. Alidhani ni habari njema. Akaipeleka barua hiyo Bweranyange siku ya misa ya kumkumbuka mama, akaisoma mbele ya watu, akitaka walau kitu kimoja cha kuwafurahisha katika mwaka ule. Leonadi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: hivyo vitu, mtu anaweza kuwa navyo bila kupata ugonjwa ule? Benadeta hajui kudanganya. Akajibu kwamba hapana, kirusi lazima kiwe kilimwingia.

"Akasimama, akaniambia, toka kwenye kibanja changu kabla sijasahau kwamba tumenyonya ziwa moja. Nikachukua mkoba wangu nikatoka."

Tangu siku hiyo, akienda Bweranyange hupita barabarani tu. Kibanja cha Leonadi kimezungushiwa miramura, ile mimea mirefu ambayo watu wa huku huipanda mpakani, na mwenye adabu haivuki bila ruhusa. Kutoka barabarani, akisimama penye upenyo kati ya miramura miwili, anaona tuta la kaburi. Husimama hapo dakika chache, hupiga ishara ya msalaba, huondoka.

Hivyo ilikwenda kwa miaka kadhaa, hadi Machi mwaka huu alipohamia hospitalini tabibu mpya, Adelard Niyonkuru, kijana wa miaka 31, ambaye makoti yake huyaleta mwenyewe penye pipa na husubiri huku anapiga soga. Siku moja Benadeta akamsimulia. Adelard akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Shikamoo zako nitakupa kesho, mama. Kwanza niambie, ile damu ya Juni ilisema nini?"

Akachuchumaa, akamchorea majivuni kwa kijiti. Hapa Mei, hapa Juni, hapa Julai. Ikiwa damu ya mwanzoni mwa Juni ilikuwa tayari na alama, basi kirusi kilimwingia na kumtoka Mei au kabla ya hapo, na Julai alipomwogesha mama yake hakuwa na cha kumwambukiza. Yawezekana mtu akaugua mara mbili, Adelard hakumficha hilo, lakini ndani ya muda mfupi namna ile ni nadra sana. Na ikiwa damu ya Juni ilikuwa safi?

"Basi hapo sitakudanganya, mama. Itakuwa ulikipata katikati."

Siku tatu Benadeta hakula vizuri. Jibu la kumsafisha au la kumtia hatiani lilikuwepo, limeandikwa, lina muhuri, na lilikuwa na jina la mwanaume. Alimfuata matroni Evangelina, ambaye sasa amebakiza miezi saba astaafu, akamwomba amwandikie mistari miwili tu kwamba damu ile ilikuwa yake. Evangelina alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwambia ukweli kwamba mistari hiyo miwili itamtoa kazini bila kiinua mgongo. Hakuandika. Alimwelekeza tu aliko Rogasian.

Rogasian aliacha kazi zamani. Ana duka la dawa Murongo, wilayani Kyerwa, hatua chache kutoka kwenye kizuizi cha mpakani, na biashara inamwendea. Benadeta aliomba ruhusa ya siku moja, akapanda gari, akamalizia na bodaboda, akafika saa saba mchana na vumbi hadi kwenye nyusi.

Rogasian alimkumbuka, akamwagizia soda. Alipoelezwa alicheka sana. Kumbe barua ile aliipata, akashangaa damu yake imesafiri vipi bila yeye, na hakuitupa kwa sababu karatasi yenye muhuri haitupwi. Zaidi ya hapo aliitumia. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akiwaonyesha wateja wake kwamba yeye aliugua korona na akapona, kwa hiyo wanapomuuliza dawa ya kifua wanamuuliza mtu mwenye uzoefu.

Akaitoa kwenye faili, chini ya leseni ya duka. Sampuli ya tarehe 3 Juni 2021. Kingamwili zimeonekana. Nyuma yake ilikuwa imebanwa nakala ya fomu ya ridhaa, na chini ya nakala hiyo palikuwa na alama ya kidole gumba, ya zambarau, yenye mstari mweupe uliokata katikati.

Benadeta alilia pale pale, mbele ya wateja waliokuja kununua panadol. Rogasian akaacha kucheka. Akamkabidhi barua pamoja na nakala iliyobanwa nyuma yake.

"Chukua, mama. Mimi nilikuwa nimeiazima tu."

Jumapili mbili zilizopita, baada ya ibada, Benadeta aliazima pedi ya wino kwa mtendaji wa kijiji, akaenda Bweranyange. Hakuvuka mpaka. Alisimama penye miramura, akapiga hodi, akasubiri. Alitoka kwanza Laurensia, mke wa Leonadi, kisha Leonadi mwenyewe, bila kofia, mikono nyuma.

Alimsalimu kaka yake kwa shikamoo, na aliitikiwa. Akampa karatasi. Leonadi akaisoma, akasema hii ni ya mtu anayeitwa Rogasian. Benadeta hakubishana. Alifungua pedi, akachovya kidole, akakibandika kwenye nakala, kando ya kile cha zamani, mbele ya macho yao. Laurensia anasema mumewe aliinamia karatasi ile kwa muda mrefu, akiigeuza upande huu na upande huu, akilinganisha makovu.

"Kidole ni chako," akasema hatimaye.

Benadeta anasema moyo wake ulifunguka. Miaka minne alikuwa akisubiri Leonadi akubaliane naye juu ya kitu chochote. Akaanza kumweleza kama alivyoelezwa majivuni, Mei, Juni, Julai, akiogopa kukosea. Leonadi akamkatisha kwa mkono.

"Kwa hiyo Juni ulikuwa nacho tayari. Na mama ameumwa Julai."

Akajaribu tena. Kwamba zile ni alama tu, kwamba kirusi chenyewe kilikuwa kimeshaondoka, kwamba kama damu ya Juni ingekuwa safi ndipo angekuwa na kesi ya kujibu. Leonadi akamrudishia karatasi, ameikunja vizuri.

"Mimi sikusoma mambo ya damu," akamwambia. "Nimesoma tarehe."

Akaingia ndani. Karatasi ilipokuwa ya Rogasian, Benadeta alikuwa mtuhumiwa. Sasa amethibitisha kwa kidole chake mwenyewe kwamba ni yake, na kwa hesabu za Leonadi amekiri. Niliposikia sehemu hii nilikasirika hadi kalamu ikaniponyoka, na sijui nimkasirikie nani. Leonadi anajua kuhesabu siku, na siku alizozihesabu ni za kweli. Waliojua kuzisoma walipaswa kwenda kumsomea wakati ule, mwaka ule, na hakwenda mtu. Walikwenda kufunga plastiki kwenye dirisha la stoo.

Laurensia hakuingia na mumewe. Alikwenda jikoni, akarudi na kahawa kavu za kutafuna, zile za kumpa mgeni, punje chache kwenye kiganja, akazipitisha juu ya miramura. Benadeta alizipokea kwa mikono miwili, akatafuna moja, nyingine akazifunga kwenye pindo la kanga. Anazo mpaka leo. Alinionyesha.

Hospitalini mambo yanaendelea. Glavu zinaletwa, zinaisha, zinaletwa tena. Kila unaposikika uvumi wa ugonjwa mwingine mkoani, wauguzi hukumbushwa kuvaa, na mashuka huendelea kutoka kwa njia yake. Nilipowauliza viongozi kuhusu damu iliyoandikwa jina la mtu mwingine, nilijibiwa kwamba rejista za mwaka huo zilifungwa.

Adelard ameahidi kwamba siku ya kujengea kaburi atakwenda Bweranyange, zamu ikimruhusu, azungumze na padri kabla ya misa, na padri akikubali azungumze na Leonadi. Ni matumaini membamba, na Benadeta anayashika hivyo hivyo. Gauni la siku hiyo ameshalifua na kulipiga pasi.

Na zamu isipomruhusu Adelard? Padri akikataa?

Benadeta anainua shuka kutoka kwenye maji, anashika ncha moja na kunipa nyingine, tunalikamua tukiwa tumetazamana. Kwenye pindo kuna uzi wa bluu. Huo ni wake. Kila shuka linalopita mikononi mwake hulitia uzi huo, ili jioni akihesabu asisingiziwe upotevu.

"Nitasimama barabarani," anasema. "Barabara si kibanja cha Leonadi. Nitasimama na gauni langu, wanione wote, waimbe, wamalize."

Anakung'uta shuka, analitupa juu ya waya, analinyoosha kwa kiganja.

"Wiki ile mama alipokufa nilihesabu mashuka, nikakosa moja. Muuguzi akaniambia, usilitafute, ndilo tulilomviringishia mama yako kabla ya mfuko. Nilikuwa nimelifua Jumatatu, mwenyewe, nikalianika hapa." Anagusa waya. "Leonadi anaweza kunizuia kufika kwenye kaburi. Lakini mle ndani, mama amelala kwenye uzi wangu."